Barua kwa swahiba anayeanza picha za stereo

Swahiba wangu,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kuona ugonjwa huu wa picha za stereo, zile za jozi zinazoonyesha kina, umekupata na wewe. Unaniuliza ununue kamera gani ya lenzi mbili. Kwa sasa usinunue yoyote. Simu uliyo nayo inatosha, tena kwa mengi utakayotaka kupiga itazipiku kamera hizo.

Macho ya mtu mzima yameachana kwa wastani wa milimita 63 hivi. Kila jicho linaona picha yake, na ubongo ndio unaozioanisha tukapata kina. Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838 kwa stereoskopu yake ya vioo, yaani kifaa cha kutazamia jozi ya picha, akitumia michoro, maana upigaji picha wenyewe ulitangazwa kwa umma mwaka uliofuata. Kwa hiyo unachohitaji ni picha mbili zilizopigwa kutoka sehemu mbili. Ukizipiga kwa simu moja, moja baada ya nyingine, hakuna ubaya, ilimradi unachokipiga kimetulia.

Umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio unaoamua mambo. Wazoefu wana hesabu yao: angalia kitu kilicho karibu zaidi ndani ya fremu, pima umbali wake kutoka kwako, ugawe kwa 30. Kikiwa mita 3, sogeza simu sentimita 10. Ua lililo sentimita 60 linataka sentimita 2 tu. Mandhari ya milima ambayo mti wake wa karibu kabisa uko mita 30 inataka mita nzima. Sasa chukua kamera kama Fujifilm FinePix Real 3D W3, iliyotoka mwaka 2010. Lenzi zake zimeachana milimita 75, na huwezi kuzisogeza. Kwa watu walio mita mbili na ushei ni safi sana. Ukiisogeza kwenye ua, macho yanashindwa kuzioanisha picha. Ukiielekeza milimani, mambo yanatoka bapa. Ukiwa na simu unajipimia mwenyewe.

Hiyo 30 usiifanye msahafu. Kama nyuma ya ua kuna ukuta wa karibu, unaweza kuongeza umbali wa kusogeza simu bila madhara. Ukivuta kwa zumu, punguza. Na milimani usizidishe kwa tamaa, kwani mlima mzima utaonekana mdogo kama wa kuchezea. Wapo wanaoupenda mwonekano huo. Mimi unanichosha haraka.

Kupiga kwenyewe ni hivi. Simama miguu imeachana kidogo, viwiko umevibana mbavuni, uzito kwenye mguu wa kushoto. Piga. Hamishia uzito mguu wa kulia, piga tena. Wenyewe huuita mtindo huu cha-cha, kama ile dansi. Anza kushoto kila mara, usije ukachanganya jozi baadaye: picha zikibadilishana nafasi, pua huingia ndani na ukuta wa nyuma huja mbele. Usiigeuze simu kukifuata kitu unachokipiga. Itelezeshe tu ikiwa imeangalia kule kule. Ukiigeuza, kitu kilekile kitakuwa kirefu kwenye picha moja na kifupi kwenye nyingine, hasa pembeni.

Lililo baya zaidi ni simu kupanda au kushuka kati ya picha ya kwanza na ya pili. Macho yamezoea kuelekeana kwa ndani, lakini moja kutazama juu na jingine chini hayawezi. Tofauti ndogo tu ya juu na chini, kichwa kinaanza kuuma. Washa mistari ya gridi kwenye skrini na uhakikishe alama moja, tuseme kona ya dirisha, inakaa kwenye mstari uleule katika picha zote mbili. Funga mwanga na fokasi kwa kubonyeza skrini bila kuachia, ili picha ya pili isitoke nyeusi kuliko ya kwanza. Ile modi ya kufifisha mandhari ya nyuma izime kabisa, maana kwenye stereo jicho linataka kutembea hadi nyuma, na likikuta ukungu linakasirika.

Utamu wenyewe uko kwenye vitu ambavyo mpiga picha wa kawaida huvikwepa. Kichaka cha matawi makavu kwenye picha bapa ni fujo tupu. Kitazame kwa macho mawili: kila tawi linajitenga na mwenzake, miiba inakujia, na katikati unaona uwazi ambao ungeweza kupitisha mkono. Spoku za baiskeli nazo ni hivyo hivyo. Siku ya upepo achana na majani, yatametameta vibaya kwa kuwa hayako mahali pamoja katika picha mbili. Mawimbi ya maji vilevile.

Ukifika nyumbani, tumia programu ya StereoPhoto Maker ya Masuji Suto. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, na itazipanga sawasawa picha za jozi yako yenyewe. Kisha shughulikia kingo. Chukulia fremu kuwa dirisha: kitu kilichokatwa na ukingo wa kushoto au wa kulia kisiwe mbele ya dirisha, la sivyo macho yanagombana. Sogeza picha mbili kwa mlalo hadi kirudi nyuma, au kikate kabisa.

Kutazama nako kuna njia zake. Stereoskopu ya mkononi ya namna ya Mmarekani Oliver Wendell Holmes, ya mwaka 1861, bado haijapata mpinzani kwa picha za karatasi. Miwani ya nyekundu na samawati, kwa picha mbili zilizopandishwa pamoja kwa rangi hizo, ni rahisi, nyekundu jicho la kushoto, ila ua jekundu litang'aa jicho moja na kuwa jeusi jingine. Geuza picha ziwe nyeusi na nyeupe kwanza, kabla ya kuzitia rangi hizo. Mimi hutazama kwa kupishanisha macho kama mwenye makengeza, picha ya kulia ikiwa upande wa kushoto. Inahitaji mazoezi, kwa hiyo ukiona macho yamechoka, acha hadi kesho.

Jozi yako ya kwanza nitumie mbichi, zote mbili, kabla programu haijazigusa. Niandikie na umbali uliosogeza simu, tuone hesabu imekaaje.

Wako wa siku zote.