Kazi ya karakana haicheleweshwi na mashine

Mhariri,

Mteja akiambiwa aje keshokutwa, na keshokutwa akakuta shafti zake (vyuma vya mviringo vinavyozunguka ndani ya mashine) bado ni vyuma vitupu, lawama huiangukia mashine: imechakaa, inakwenda polepole. Mara nyingi mashine wanaisingizia. Kilichokosewa ni hesabu, kwa sababu tarehe ilitolewa kwa kuangalia muda wa kukata peke yake.

Chukua oda ya shafti 20 za chuma cha kaboni ya wastani, za kukerezwa (kupunguzwa kwa kisu zikiwa zinazunguka) kutoka kipenyo cha milimita 50 hadi 40, urefu milimita 300. Kwa kisu cha kabaidi, kitu kigumu cha kukatia chuma, uso wa shafti kupita kwenye kisu kwa mwendo wa mita 100 kwa dakika ni wa tahadhari tu. Zidisha 100 kwa 1,000, ugawanye kwa 3.14 na kwa kipenyo: unapata mizunguko kama 640 kwa dakika. Kisu kikisogea milimita 0.2 kwa kila mzunguko, mpito mmoja, yaani kisu kupita urefu wote mara moja, huisha kabla ya dakika mbili na nusu. Mipito mitatu, dakika saba. Saba mara 20 ni saa mbili na dakika 20, na hapo ahadi hutolewa.

Hesabu hiyo imeacha kukata vipande kwa msumeno, kutoboa senta (vitundu vya katikati ya ncha vya kuishikilia shafti), kufunga na kufungua, kupima, kubadilisha ncha iliyolika. Kwa kweli kipande kitakaa kwenye kerezo, mashine ya kukerezea, kama dakika 12. Ongeza maandalizi kabla ya kipande cha kwanza: kupanga taya, kuweka kisu usawa wa senta, kukata kipande cha majaribio. Yakichukua dakika 45, kwa vipande 20 ni dakika mbili na robo kila kimoja. Kwa kipande kimoja ni 45 zote. Mteja anayesema "nitengenezee kamoja tu" asishangae bei.

Penye hasara kubwa zaidi ni mpangilio wa hatua. Shafti itakayogumishwa kwa moto haikerezwi hadi kipimo cha mwisho, maana moto huipinda kidogo na kuchafua uso wake. Huachiwa milimita 0.4 za kipenyo kwa ajili ya grainda (mashine ya kusaga uso hadi kipimo cha mwisho), yaani 40.4. Mfereji wa kii, kipande cha chuma kinachozuia gurudumu lisiteleze kwenye shafti, hukatwa kabla ya moto, chuma kikiwa bado laini. Kwa shafti ya 40, kii ya kawaida ina upana wa milimita 12, na mfereji una kina cha milimita 5. Lakini kina hicho hupimwa kutoka uso uliokamilika. Fundi wa milingi, mashine inayokata mfereji, akipima 5 kutoka uso wa 40.4, grainda itaondoa 0.2 upande huo, mfereji utabaki 4.8 na kii itakaa juu. Alitakiwa kukata 5.2, na mchoro hautamwambia hivyo isipokuwa mpangaji ameiandika kwenye kadi ya kazi.

Tundu za senta nazo zisiondolewe wakati wa kusawazisha ncha. Bila hizo, grainda haina pa kuishikilia shafti kwa mhimili uleule. Baada ya moto zisafishwe magamba, la sivyo shafti itatoka na uduara mbovu, na lawama atapewa mtu wa grainda.

Kipimo cha mwisho cha h6, daraja la usahihi linaloandikwa kwenye mchoro, kwenye 40 kinaruhusu tofauti ya milimita 0.016 tu. Shafti yenye joto la nyuzi 30 zaidi ya chumba imevimba karibu 0.014. Ukiipima ikiwa moto ikasoma sawasawa kwenye mpaka wa chini, ikipoa imepungua chini ya mpaka huo, ni ya kutupwa. Iachwe ipoe, na dakika hizo ziwemo kwenye mpango.

Kuna muda pia unaookolewa bila kununua kitu. Kerezo inatumia dakika 12 kwa kipande, milingi dakika 9. Ukingoja zote 20 zikerezwe ndipo zihame, ni dakika 240 na 180, jumla 420. Ukihamisha tano tano, milingi ikiwa imeandaliwa mapema, kazi inaisha dakika ya 285. Mashine zilezile, mafundi walewale.

Ila faida hiyo huyeyuka ikiwa shafti zinakwenda kungoja mbele ya grainda. Karakana nyingi zina grainda moja, na kukereza haraka huko nyuma kunarefusha foleni tu. Tarehe ya mteja ianzie hapo: grainda ina saa ngapi za kazi mbele yake, tanuri linawashwa lini, kisha uhesabu kurudi nyuma hadi siku ya kukata chuma kwa msumeno.

Fundi mkereza