Asante mama, nakushukuru ungali hai

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nimshukuru mamangu, maana sisi hungoja hadi matanga ndio tuanze kumsifu mtu na wakati huo hasikii tena.

Mama ametulea kwa kibanda cha mboga hapa Huruma. Alfajiri matatu za kwanza zikianza kubeba watu yeye ashafika soko la Marikiti, anang'ang'ania sukuma wiki na wenzake kwenye matope, halafu jioni unamkuta ameketi kwa kistuli, fungu la sukuma amelikunja likashikana mkononi, kisu kinapita hapo karibu kabisa na kidole gumba na mboga zinaanguka nyembamba, na hata haangalii, anaongea na kastoma wa ugali wa usiku. Vidole vyake vina weusi wa mboga ambao hautoki hata kwa sabuni.

Lakini wenye kufanya kazi ngumu Nairobi ni wengi. Mimi namshukuru zaidi kwa vile alivyowaona watoto wa wenzake. Januari 2003, serikali mpya ya Kibaki ilipoondoa karo ya shule za msingi, watoto walifurika shuleni na mama akafunga kibanda siku nzima, na kwetu kufunga kibanda ilikuwa ni kulala njaa, akanichukua mimi pamoja na watoto wawili wa jirani ambao mama yao alikuwa ameenda kufulia watu nguo Eastleigh, tukapanga foleni kwa jua mpaka sote tukaandikwa. Tulisoma tumebanana kwa dawati, wengine sakafuni, lakini tulisoma, na mmoja wa hao wawili leo ni nesi.

Hata sasa ana daftari la madeni limejaa. Nilimuuliza mbona anaendelea kumkopesha mama fulani wa ploti ya nyuma na hajalipa ya mwezi jana, akanijibu, "Ananyonyesha huyo, unataka ale nini?" Akaendelea kukata mboga.

Kwa hivyo wasomaji wenzangu, mama mboga wako akikuongezea nyanya bila kuulizwa, tafadhali usimkazanie tena shilingi kumi.

Na wewe mama, najua dadangu atakusomea hii jioni. Asante sana. Umenilea vizuri na nakupenda.

Mwanao,
Huruma, Nairobi