Mama Kulwa, ule ubishi wetu wa kwenye bajaji haujaisha

Shoga angu Mama Kulwa,

Salama lakini? Meseji yako niliipata kwamba mmefika Mwanza usiku, miguu imevimba haingii hata kwenye ndala, pole mwaya. Na unisamehe, pale stendi ya Magufuli sikukuaga vizuri maana nilikuwa bado nimenuna. Kununa kumeisha ila maneno hayajaisha, na kwenye simu kila nikianza we unakatwa na mtandao au mtoto analia, kwa hiyo leo nimekaa chini nakuandikia yote, usome ukishawalaza watoto.

Yaani mi mpaka leo namuona yule somo kwenye kicheni pati, bibi harusi kakalishwa mkekani kichwa chini, somo anamwambia mwanangu hata ukiwa mkurugenzi, ukifika mlangoni kwako vua viatu na ukurugenzi uviache hapohapo nje, uingie ndani mke. Ukumbi mzima vigelegele, na wewe ukasimama kabisa kwenda kumtunza elfu kumi! Mi nikabaki nimeshika soda. Kwenye bajaji nikakuuliza, hivi bwana harusi naye kuna sehemu anakalishwa mkekani akaambiwa aache nini mlangoni? Ukacheka, alafu ndo ukatoa lile neno, adui wa mwanamke ni mwanamke, wenyewe hatupendani, vyeo tunapewa tunakataa, tusimsingizie mtu. Na dereva wa bajaji ambaye hakuna aliyemuuliza akadakia "kweli kabisa dada".

Sasa mi nianze kwa kukupa ushindi, tena nitakuambia kitu sijamwambia mtu hata baba watoto.

Mwaka juzi waliniweka kwenye jopo la usaili pale ofisini, tulikuwa watatu, wanaume wawili na mimi, tunatafuta mhasibu mwandamizi. Akaingia kijana mmoja, anajieleza vizuri tu, katikati ya maneno akasema samahani kama naonekana nimechoka, mke wangu kajifungua wiki mbili zilizopita. Tukampa hongera. Wote watatu, hongera sana baba, mtoto gani, haya tuendelee. Baada yake akaingia binti, CPA ile ya uhasibu anayo, maswali ya kodi na ya kufunga hesabu anayajibu mpaka mi mwenyewe nikawa najifunza, na kidoleni ana pete. Unajua nani alimuuliza kuhusu watoto? Si wale wanaume. Ni mimi, shoga ako. Nikamuuliza una watoto wadogo, maana huku mwisho wa mwezi tunatoka saa tatu usiku, utamudu? Akasema ana wa miezi saba, na mama yake anaishi naye. Alijibu kwa heshima kabisa lakini niliona mabega yanashuka. Kwenye fomu yake nikaandika "anafaa, ila ana majukumu ya familia". Ile "ila" niliiandika kwa mkono wangu na bik ya bluu. Kazi akapata yule wa hongera.

Umeona? Ushahidi wako huo, mwanamke kamziba mwanamke. Ila (ona, hiyo ila nyingine) subiri nikuambie kichwani nilikuwa nahesabu nini. Mwaka ule uliotangulia mwenzetu mmoja alikwenda kujifungua, sheria ya ajira ya 2004 inampa siku 84 na ni haki yake, na ofisi haikuleta mtu hata mmoja wa kushikilia nafasi yake. Kazi zake zikagawanywa, na mgao mkubwa ukaja kwangu, nilikuwa narudi nyumbani saa nne watoto wamelala na nguo za shule. Kwa hiyo nilivyomuona yule binti sikumchukia, niliziona zile siku 84 nyingine zinanijia mimi. Mwajiri anajua kabisa mtu atakwenda likizo, ana miezi kadhaa ya kujipanga, hajipangi, alafu tunabaki sisi tunaangaliana vibaya matumbo. Ni kama kuku waliotupiwa mahindi kiganja kimoja wanadonoana, na mwenye gunia kakaa barazani anasema unaona kuku hawapendani.

Tena angalia sheria hiyohiyo. We kwa sababu ya Kulwa na Doto walikupa siku 100, nakumbuka tulivyofurahi kama umeshinda bahati nasibu. Baba yao alipewa ngapi? 3. Siku tatu Mama Kulwa, hata kitovu hakijadondoka, na hapo ni watoto wawili! Mi naamini kabisa siku baba naye atapewa mwezi mzima wa lazima, wale wa kwenye jopo wataanza kumuogopa na kijana wa hongera, na ile hesabu niliyompigia yule binti itabidi wapigiwe wote. Sheria inasema pia mama apewe muda wa kunyonyesha usiozidi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, nzuri sana kwenye karatasi, mi wangu wa mwisho nilikuwa nakamulia maziwa kwenye stoo ya makaratasi, nimekalia boksi la A4, mlango naushikilia kwa mguu kwa sababu kitasa kibovu, na nje mtu anagonga anataka wino wa printa. Kwenye kikao nikirudi nimechelewa dakika ishirini kila mtu ananitazama.

Haya twende kwenye hilo la kukataa vyeo. Nikukumbushe ya kwako mwenyewe, usikasirike. Ulivyoletewa ile barua ya umwalimu mkuu, shule iko Ukerewe, kivuko mpaka upande wa pili alafu pikipiki, nyumba ya mwalimu hakuna, ukaambiwa utapanga chumba kule mwaloni kwa wavuvi. Mapacha ndo wanaanza darasa la kwanza, baba yao yuko mgodini Geita anarudi mara mbili kwa mwezi. Ukalia siku mbili, ukakataa. Akapewa mwalimu mwingine, mwanaume, akapanga hichohicho chumba ulichokataa wewe, mke wake akabaki Mwanza na watoto wanne, na leo huyo baba ndo afisa elimu kata. Si kwamba alikuwa na moyo kuliko wewe. Alikuwa na mke. We ungemuachia nani wale watoto? Na kwenye faili lako pale imeandikwa amekataa uteuzi, hakuna aliyeandika hakuna nyumba. Kesho mtu atahesabu hayo mafaili atasema walimu wanawake wengi hawapendi madaraka, na takwimu itakuwa kweli kabisa na bado itakuwa uongo. Inaniuma zaidi kwa vile ni Ukerewe, kisiwa kilekile kilichomtoa Mama Gertrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa ule mkutano wa wanawake wa dunia wa Beijing 1995 ambao bibi zetu mpaka leo wakiudhiwa wanasema "hayo ya Beijing hayo".

Ukaniambia pia mbona tuna Rais mwanamke, basi yameisha. Hayajaisha mwaya. Mama Samia alikuwa Makamu tangu 2015, Machi 2021 Magufuli alipofariki Katiba ikasema makamu anaapishwa, akaapishwa, hakuna kikao kilichokaa kikauliza tumpe mwanamke au tusimpe, na mi nakumbuka vizuri maneno ya watu kwenye daladala wiki ile, ataweza kweli? Wengine wapo, Mama Makinda alikuwa Spika 2010, Mama Migiro alikwenda UN kuwa naibu wa Katibu Mkuu 2007, Mama Zaipuna wa benki ya NMB, lakini umeona tunawataja kwa majina na vidole vinatosha? Wanaume hatuwataji maana tutakesha.

Na hapa nikupe kitu kimoja cha Katiba ambacho watu wengi hawakijui, mi mwenyewe nilikigundua nikimsaidia mwanangu homweki ya Uraia. Wabunge wanawake wengi wetu wanaingia kwa viti maalum si ndio, Katiba inataka wasipungue asilimia 30. Sasa soma ibara ya 51, Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo. Wa viti maalum hawezi, hata awe na akili kama mchwa. Kwa hiyo tumewekewa viti vingi alafu vile viti mguu mmoja umekatwa, na tangu uhuru hatujawahi kuwa na Waziri Mkuu mwanamke. Wakenya nao Katiba yao ya 2010 imesema jinsia moja isizidi theluthi mbili, Bunge likashindwa kutunga sheria ya kutekeleza, 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais alivunje, halikuvunjwa, maisha yakaendelea.

Narudi ofisini maana siasa sio fani yangu. Nafasi kubwa pale kwetu hazigawiwi kwenye kikao, kikao ni cha kugonga muhuri tu. Zinagawiwa saa moja jioni kwenye nyama choma, pale ambapo bosi anaanza kusema "hivi huyu dogo mnamuonaje". Mi saa moja jioni niko foleni ya Ubungo nawaza kama mtoto kanywa dawa. Niliwahi kwenda mara moja, mara moja tu, nikakaa na Sprite yangu mpaka saa tatu, nikasikia mengi kuhusu kampuni kuliko mwaka mzima wa imeli, na wiki iliyofuata kuna mtu ameshaniuliza kwa kucheka, we na bosi vipi? Unajua mwenyewe mwanamke akipanda swali la kwanza ni kampa nani. Rushwa ya ngono ni kosa tangu ile sheria ya TAKUKURU ya 2007, na ipo kweli na imewaumiza wengi, lakini hiyohiyo imegeuzwa tope la kumpaka kila aliyepanda hata kwa jasho lake. Ukienda nyama choma umejiuza, usipoenda hujulikani.

Ila kuna sehemu moja nakukubalia bila kubisha. Unakumbuka nilivyokaimu umeneja mwaka mmoja na miezi miwili? Nafasi ilipotangazwa sikuomba. Tangazo lilisema uzoefu wa uongozi miaka 8, mi ninayo 6, nikasema wataniona tu si ndo mimi ninayekaimu. Akaja kaka mmoja kutoka nje, nikamfundisha mpaka swichi ya kiyoyozi iko wapi, na siku moja tunakula akaniambia mwenyewe bila hiyana, yeye alikuwa na 5 akajaribu bahati. 5! Nilitabasamu nikaenda chooni nikakaa kwanza. Baadaye bosi ananiambia tulidhani hutaki maana hukuomba. Nimelelewa nisubiri kukaribishwa, si unajua mtoto wa kike anayejisogeza mezani anaitwaje. Hilo ni langu, silikwepi.

Sasa habari yenyewe. Yule kaka kaondoka, kapata pazuri zaidi, nafasi imetangazwa tena na safari hii nimeomba. Nimeitwa usaili Alhamisi saa tatu asubuhi. Baba watoto kafurahi kweli kweli, kaninunulia hadi viatu, alafu juzi usiku akaniuliza taratibu, na jioni itakuwaje? Sikumjibu. Maana jibu la jioni ni dada wa kazi, na dada kaaga jana, kwao Singida mama yake anaumwa, kaenda na begi lote, unajua maana ya begi lote. Nimekaa nikawaza, miaka yote hii nimepanda ngazi nimemkanyaga mgongoni binti wa watu ambaye ninamlipa mshahara ambao sitaki hata kuuandika hapa, na kama nikiupata huu umeneja yeye ndo atakuwa ameupata nusu. Ukisema hatupendani anza na hapo, sina cha kukujibu.

Hivi ninavyoandika mdogo kalala mapajani na homa, natumia mkono mmoja. Kwa hiyo shoga angu, yule mtoto wa dada yako uliyesema kamaliza kidato cha nne na anatafuta cha kufanya, bado yupo? Nitamlipa vizuri kuliko nilivyomlipa aliyeondoka, na jioni akitaka kusoma cherehani kuna mama hapa jirani anafundisha, hiyo ada juu yangu. Kama yuko tayari mpandishe basi la Jumanne alfajiri, nitampokea mwenyewe Mbezi usiku. Nijibu leo nitume nauli.

Wasalimie Kulwa na Doto.

Shoga ako wa Tabata