Siku ya rula: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Tunalala nyumba moja, na mimi nakuandikia barua kama mtu aliye safarini. Nivumilie. Kila nikijaribu kukwambia haya ana kwa ana, maneno yananigeuka mawaidha, nawe unaitikia ile "sawa, Baba" ya kunimaliza, kisha unaingia chumbani.

Ni kuhusu ile siku niliyoitwa shuleni. Wewe unaikumbuka kwa upande wako. Sikiliza na wangu.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa na rula ya plastiki, zile za sentimita 30, pembe moja imemegeka. Kanuni yao inasema nywele zisizolala ziwe fupi, zisizidi sentimita 5, na zinazolala zifungwe nyuma. Alikusimamisha kando ya meza, akaiweka rula utosini bila kukugusa. Nne na kitu. Nikashusha pumzi. Kisha akakamata kishungi kimoja kwa vidole viwili, akakivuta mpaka kikanyooka, akapima tena. Kumi na tatu. Alipokiachia kikajikunja na kurudi pale pale kilipokuwa. "Unaona, mzazi?" akaniambia.

Nikaona. Niliona rula, nikaona namba, nikaona saa ya ukutani na kazi niliyoiacha. Nikasema neno ambalo hii ni wiki ya sita nalijutia: "Basi tumnyoe, yaishe."

Hukulia. Ulinitazama mara moja tu, ukageukia ukuta.

Sina utetezi wa maana. Mimi nimenyolewa tangu utotoni, na sasa upara umekuja kumalizia kazi, kwa hiyo kwangu nywele ni shughuli ya dakika kumi. Zile Jumapili unazokaa kati ya magoti ya mama yako, kichwa umekiinamisha, chupa ya maji na kopo la mafuta pembeni, mimi nilikuwa nikipita hapo kutafuta rimoti. Nilijua zinachukua muda. Sikujua ni saa tatu. Saa tatu za kufumua, kuosha, kuchambua fundo moja moja kuanzia nchani, kupasua mistari na kusuka, halafu Jumatatu unarudi na karatasi imeandikwa "nywele hazijatunzwa".

Tulipofika nyumbani mama yako hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Na yule mwenzake wa nywele za singa, zinazomfika kiunoni, naye amepimwa?"

Hakupimwa. Yeye kanuni inamtaka kibanio tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma usiku mkishalala. Nimesoma kwamba nywele zako hutoka kwenye tundu lililopinda ndani ya ngozi, ndiyo maana zinazaliwa zimejiviringa. Mafuta ya kichwa hayateremki kirahisi kwenye unywele uliojizungusha hivyo, kwa hiyo hukauka, na ukizichana kavu kwa nguvu zinakatika. Wanaokushauri utie dawa ili "zitulie" hawakwambii kwamba dawa hiyo kazi yake ni kuvunja viungo vinavyoupa unywele umbo lake, na kwamba ikikaa kichwani kupita kiasi inachoma ngozi. Kumbe yale mambo ya mama yako ya maji, mafuta na kitana cha meno mapana, niliyoyaona ni madoido, ndiyo yanayotakiwa.

Halafu nikakutana na penseli. Afrika Kusini, baada ya sheria ya mwaka 1950 iliyomtaka kila mtu aandikishwe kwa rangi yake, kulikuwa na maofisa waliomchomeka mtu penseli kwenye nywele pale walipokuwa na shaka naye. Ikidondoka, Mzungu. Ikinasa, si Mzungu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikwa rangi mbili tofauti. Mwaka 1966, mtoto wa miaka 10 aitwaye Sandra Laing, ambaye wazazi wake wote wawili walihesabiwa kuwa Wazungu, alitolewa na polisi katika shule ya bweni kwa sababu ngozi yake na nywele zake hazikufanana na za wenzake. Nilisimama hapo kusoma. Nilikuwa naifikiria rula yenye pembe iliyomegeka.

Sisemi mwalimu wako ni kaburu. Nadhani hata hajui kanuni hiyo aliipokea kwa nani, na nina hakika anaamini anakufunza unadhifu. Lakini neno "nadhifu" likishapimwa kwa nywele zinazolala, wewe utakuwa mchafu hata ukitoka bafuni sasa hivi.

Wenzako waliwahi kulisema hili kwa sauti. Agosti 2016, wasichana wa shule ya sekondari ya wasichana ya Pretoria waliandamana wakipinga kanuni za nywele, na aliyesimama mbele, mikono ameikunja juu ya kichwa, ngumi zimefumbwa, alikuwa na miaka 13. Mwaka mmoja tu mbele yako. Serikali ya jimbo ikaingilia kati na kanuni hiyo ikasimamishwa.

Sheria nazo zipo, ila zina matundu. California ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku ubaguzi wa mitindo ya nywele kama dredi na misuko, mwaka 2019. Texas ikafuata, sheria yao ikaanza kazi tarehe 1 Septemba 2023. Wakati huo huo shule moja ya huko ilimtoa darasani mvulana mwenye dredi alizozifunga vizuri juu ya kichwa. Kosa? Eti zikifunguliwa zitapita nyusi na masikio. Sikiliza hiyo: *zikifunguliwa*. Ni kile kishungi chako kilichovutwa. Februari 2024 jaji akaipa shule ushindi, kwa kuwa sheria ile inataja mtindo na haitaji urefu.

Afrika kwetu, watoto wa Kirastafari wameshinda kesi mahakamani: Kenya 2019, Ghana 2021, Malawi 2023. Nilifurahi, kisha nikakwama. Wao walipita kwa mlango wa dini. Wewe ukiulizwa nywele zako ni za imani gani, utajibu nini? Hazina imani. Ni nywele, zimeota. Inanikera kwamba mtoto atafutiwe sababu tukufu ndipo aruhusiwe kuwa na kichwa alichozaliwa nacho.

Kwa hiyo nimeuandikia uongozi wa shule. Sikutukana, mama yako alisoma kwanza akafuta mistari miwili. Nimeomba mambo mawili: kanuni iseme nywele ziwe safi na zisimzuie mwingine kuona ubao, basi, kwa watoto wote, na pasiwe na mtu mzima atakayekushika kichwa bila ruhusa yako. Kikao ni Alhamisi. Hulazimiki kuja. Ukija, sitakusemea mpaka uniambie nikusemee.

Na lile neno langu nalifuta. Nililisema mbele ya mwalimu, kwa hiyo nitalifuta mbele yake pia. Ukitaka kunyoa kwa sababu umechoka na vitana, nyoa, nitakaa nawe kwa kinyozi. Ukitaka kuziachia zitimke, ziachie. Kuhusu dawa nakuomba usubiri ukue kidogo, hapo sijifichi, nina msimamo wangu.

Jambo la mwisho ni dogo. Nimemwomba mama yako anifundishe kusuka. Nimefanyia mazoezi kwenye uzi wa sufi uliofungwa mguu wa kiti, twende kilioni za mistari sita. Mistari ya pembeni inapita. Ule wa katikati bado unapinda ukifika kisogoni, na mama yako anasema kwenye kichwa cha kweli itakuwa vibaya zaidi kwa sababu kiti hakilalamiki. Jumapili hii yeye ana safari. Kama utakubali nijaribu, kitana kiko juu ya kabati la viatu. Kama hutaki, mwenyewe najua kwa nini.

Baba