Mbao za kubebea boti zichaguliwe kwa makini

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mbao zinazobeba boti kwenye mitambo ya kuinulia vyombo hapa pwani, ambazo wengi wetu huzibadilisha kwa ubao wowote unaopatikana dukani. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba hustahimili kuoza, lakini boti ya alumini ikizilalia zikiwa zimelowa maji ya chumvi, shaba hiyo huila bodi yake polepole hadi itoboke. Kwa boti za namna hiyo ni heri msaji usiotiwa dawa, au ubao wa plastiki, ingawa plastiki hupinda kwa joto la jua na huhitaji vyuma vya kuishikilia vilivyokaribiana zaidi. Boti za fibaglasi hazina hatari hiyo. Zulia la kufunikia ubao huzuia mikwaruzo, ila hushika chumvi na mchanga, nami langu nimekwisha kulibandua. Misumari ya kawaida isitumike kabisa: bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na vichwa vyake vizamishwe ndani ya ubao ili visiguse chombo.

Mwenye boti,
Mtwapa