Barua kwa mwanangu: kasha hili halitatobolewa

Rukia mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniomba mambo matatu kuhusu kibodi ya zamani ninayokutengenezea: niipake rangi nyeusi, nitoboe kasha kwa nyuma upate tundu la USB, na vitufe vyake vipangwe upya vikufae kwa kazi yako ya kuandika programu. La mwisho nimelikubali tangu ulipolitamka. La rangi tutaongea. La kutoboa, hapana, mama, na ndiyo sababu ya barua hii ndefu.

Kibodi hii haikutengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani. IBM waliiunda miaka ya 1980 kwa mitambo yao ya benki iliyoitwa 4704, ile iliyokaa mezani kwa karani. Ndiyo maana ina vitufe 77 tu: 62 vya kuandikia, na 15 vimejipanga kulia. Ile safu ya juu ya F1 hadi F12 haipo. Kasha lote ni metali ya kumimina kwenye kalibu, na ukiiweka mezani haitasogea hata uandike kwa hasira.

Lakini uzito si kitu. Watu wanaisifia uzito kwa kuwa ndio wanaoukuta kwanza. Utamu wake umo ndani, na nataka uujue kabla hujaanza kuitumia.

Chini ya kila kitufe mna kimirija, na ndani ya kimirija mna springi. Ukibonyeza, springi inajikunja polepole mpaka inafika mahali haistahimili tena, inapinda ghafla kwa ubavu. Kule kupinda ndiko kunakotoa mlio, na papo hapo kunabinua kibao kidogo cha plastiki nyeusi yenye kaboni kilichokaa juu ya bodi ya saketi. Kibao kikisogea, kiasi cha chaji inayoshikika mahali pale kinabadilika, na kontrola, yaani kile kibodi kidogo cha saketi kinachosoma vitufe, inatambua ni kitufe gani. Richard Harris wa IBM alipata hataza ya springi hii ya kupinda mwaka 1978. Fikiria alichokifanya: mlio unaousikia, mshtuko unaopata kidoleni na herufi inayotokea vyote vimetoka kwenye tukio moja. Kidole hakidanganywi. Tena hakuna shaba inayogusana na shaba, kwa hiyo hakuna miguso ya umeme ya kuchakaa.

Aina hii huitwa Model F. Mwaka 1985 IBM wakaleta Model M, nayo ni kibodi nzuri, sitaisema vibaya, ila waliirahisisha ili gharama ipungue. Badala ya bodi wakatia karatasi za plastiki zilizochapwa njia za umeme, na bamba la chuma likashikizwa kwa vichwa vidogo vya plastiki vilivyoyeyushwa. Miaka ikipita vichwa hivyo hukatika kimoja kimoja. Yako ina mabamba mawili ya chuma yanayoshikana kwa ndimi. Unalitelezesha moja juu ya jingine, inafunguka, na ukimaliza unairudisha vilevile. Aliyeichora alijua kuna siku mtu ataifungua. Mimi nimeifungua.

Kilichokuwa kimekufa ni sponji. Kati ya bamba la juu na bodi kuna tabaka jembamba la sponji linalobana vimirija visicheze, na miongo minne imetosha kuligeuza unga mweusi unaonata. Ulikuwa umeingia kila mahali, hadi kwenye springi. Nimekwangua kwa kijiti cha mbao, nikafuta kwa spiriti, nikatoa kibao kimoja kimoja. Mahali palipoliwa na kutu nimepiga msasa na kupaka rangi nyembamba ya kuzuia kutu, ila pale mabamba yanapogusana na kasha nimepaacha chuma tupu, kwa sababu umeme wa kibodi hii unataka njia ya kwenda ardhini, na ukiziba njia hiyo kwa rangi herufi zitajiandika zenyewe. Sponji jipya nimelikata kutoka kwenye yale mashiti ya rangi wanayofanyia watoto kazi za mikono shuleni, unene wa milimita 2 hivi. Likizidi unene mabamba hayafungi. Likipungua kila kitufe kinalegea.

Vitufe nimeviloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni. Plastiki yake ni ya aina ngumu iitwayo PBT, na herufi zimezamishwa kwa joto ndani ya plastiki yenyewe, kwa hiyo hazifutiki. Ndani ya kila springi nimetia kipande kifupi cha uzi wa kusafishia meno ili kuua ule mwangwi mwembamba unaobaki baada ya mlio. Mlio wenyewe upo palepale, kwa hiyo mwombe radhi mapema mwenzako wa chumbani.

Sasa la USB. Kontrola ya zamani inaongea lugha ya mtambo wa benki ambao haupo tena, hivyo nimeitoa na kuweka kontrola mpya iitwayo xwhatsit, ambayo michoro yake ni huria na imeundwa kwa ajili ya kupima chaji za kibodi kama hizi. Juu yake inaendeshwa na QMK, programu ya kupangia vitufe unayoijua kuliko mimi. Kontrola ya zamani na kebo yake nimezifunga kwenye mfuko, zitasafiri pamoja na kibodi, na usizitupe. Kebo ya USB itapita kwenye tundu lilelile la kebo ya zamani. Ndiyo, itaning'inia nyuma badala ya kuchomekwa vizuri kama ulivyotaka. Lakini sponji nimebadilisha, kontrola nimebadilisha, nikitaka kesho narudisha kila kitu. Metali niliyoitoboa sitairudisha, na makasha haya hakuna anayeyamimina tena kwa ajili ya benki.

Rangi ya asili imebanduka kona moja tu. Iangalie kwanza kwa macho yako, mchana, kisha uniambie kama bado unataka nyeusi. Ukisema ndiyo, nitapaka.

Kuna jambo nalihitaji kwako haraka, kwa sababu mabamba bado sijayafunga. Kuhamisha Ctrl ije pembeni ya A ni kazi ya programu, utaifanya mwenyewe wakati wowote. Lakini ukitaka Shift ya kulia igawanywe mara mbili, au Backspace, lazima niongeze kimirija, springi na kibao sasa, kibodi ikiwa wazi. Kuyafunga mabamba ni kazi ya jiriwa na nyundo ya mpira, na kibao kimoja kikilala vibaya inabidi kufungua tena yote. Kwa hiyo amua hayo mawili unijibu kabla ya Jumamosi. Mama yako na wadogo zako wanakusalimu sana.

Baba yako