Mbio za siku ya ine si mazoezi

Bwana Mhariri, jambo yenu nyote hapo ku gazeti.

Mi ni mekanisyen, garaji yangu iko hapa Kampemba, na gazeti yenu tunaisomaka watu sita ao saba ku nakala moja, inapita mukono kwa mukono mpaka mangaribi kila ukurasa iko na alama ya vidole na mafuta. Basi mwenye anakuandikia hapa si adui. Lakini ku ukurasa ya michezo mulitia kipande kidogo juu ya mbio ya magari ya Daytona 500 kule Marekani, mistari mitano, na mu ile mitano kuko neno moja lenye halijanitoka mu kichwa: mulisema magari yalipangwa ku mustari "kisha mazoezi ya siku ya ine". Mazoezi, Bwana Mhariri? Ile siku ya ine si mazoezi ata kidogo, ile ni mbio yenyewe, kuko watu wanaingia na kuko watu wanarudi nyumbani na gari yao juu ya kamyo, na mi naona wasomaji wenu walipaswa kuambiwa.

Nieleze kwanza vile inaendaka, juu wengi hapa kwetu wanajua mupira tu.

Uwanja wa Daytona uko Florida, Bill France njo aliujengesha, ulifunguliwa 1959, muzunguko moja ni kilometa 4, na ku makona barabara imelala digirii 31, ukijaribu kusimama pale kwa miguu ni kama umesimama juu ya bati ya nyumba. Tangu ule mwaka wa kwanza kuko mbio za kuchuja mbele ya mbio kubwa, ile Daytona 500 yenyewe ya siku ya Mungu. Mwanzoni zilikuwa za maili 100, kuanzia 1969 zikawa maili 125, na tangu 2005 ni maili 150, ni kusema mizunguko 60, kilometa kama 241. Sasa fanya hesabu: ni kutoka hapa Lubumbashi mpaka Likasi na kurudi, na wao wanaimaliza kwa saa moja hivi, gari inagusa parshoki ya gari, mwendo unakaribia kilometa 300 kwa saa. Nani anafanyaka mazoezi ya vile?

Mbele ya ile, siku ya tatu, kila gari inatoka peke yake kukimbizana na saa. Wawili wa kwanza wanapata ile safu ya mbele kabisa, yao imeisha. Wale wengine wote safu zao zinatoka mu mbio mbili za siku ya ine, wanaziita Duel, kundi la kwanza linakimbia, kisha la pili. Vile watu wamemaliza mu ya kwanza njo vile wanapangwa upande wa ndani siku ya Mungu, na vile wamemaliza mu ya pili njo vile wanapangwa upande wa nje. Hakuna mutu anakuja na karatasi kusema huyu akae hapa, huyu akae kule.

Mi nilianza kuzifuata juu ya mwana wa dada yangu, anaishi Charlotte, North Carolina, na ule muji karibu makundi yote makubwa ya ile michezo yako na garaji zao pale ao pembeni. Alikuwa ananitumia video ku WhatsApp, ananiambia manseba angalia hii, wee mutu wa moteri utapenda. Na kweli nilipenda. Masaa kati yao na sisi ni saba, wao jua ikizama huku ni usiku wa manane, basi kila Februari ile usiku ya siku ya ine silalaki, nafunga mulango ya garaji, nakunja kabuti, naangalia mpaka jogoo analia, asubuhi wateja wanaona macho yangu nyekundu wanafikiri nilikunywa.

Sasa nikuelezee kwa nini inaniuma. Tangu 2016 magari 36 yako na kiti cha kudumu, ukimbie muzuri ao mubaya siku ya Mungu utakuwa ndani, swali ni paka safu gani. Mi sipendi ile sana lakini njo sheria yao. Kumebaki viti vine vya kupigania kwa wale wenye hawana kiti. Viwili vinatoka ku saa, siku ya tatu. Viwili vya mwisho vinatoka mu zile mbio za siku ya ine, kimoja kwa kila mbio. Basi mu mbio moja unaweza kuona watu wawili wanapigania nafasi ya 12 kama vile wanapigania uzima, na mbele yao kuko kumi na moja wengine wenye wanatafuta paka nafasi muzuri na wanaogopa kuvunja gari, juu ukivunja ukaleta gari ya akiba, siku ya Mungu unaanzia nyuma kabisa. Barabara ni moja, lakini mu roho ya kila shofere kuko mbio yake.

2024 nilimuona Jimmie Johnson mu ile hali. Huyu si mutoto, amekuwa bingwa wa mwaka muzima mara 7, hakuna mwenye amepita ile, na Daytona 500 yenyewe aliishinda 2006 na 2013. Lakini ule mwaka gari yake nambari 84 haikuwa na kiti, alikuwa na miaka 48, na akapaswa kupanga foleni kama kila mutu. Wameingia muzunguko wa mwisho, J.J. Yeley wa gari nambari 44 njo alikuwa mbele yake, ni kusema Yeley njo alikuwa ndani na bingwa wa mara 7 alikuwa inje. Kisha mule mule mu muzunguko wa mwisho Johnson akamupita. Mi nilisimama peke yangu mu garaji na kikombe ya chai ku mukono, chai ikamwangika ku kiatu. Furaha iko kwa Johnson, lakini mi niliendelea kumufikiri Yeley na watu wake, wale wenye walifunga kila buloni ya ile gari, kilometa 4 mbele ya mwisho walikuwa na kiti, na bendera ikaanguka hawana. Gazeti gani huku kwetu ilimuandika Yeley? Hakuna.

Na mutu akibaki inje hakuna huruma. 2020 Daniel Suárez, wa Mexico, mwaka wa mbele yake alikuwa ku kundi kubwa, aligongana siku ya ine na siku ya Mungu akaangalia wengine wakikimbia. Miaka miwili kisha, 2022, akashinda mbio ya Sonoma, mu-Mexico wa kwanza kushinda ku daraja ya juu ya ile michezo. Unaona? Ukijua alipita wapi njo unaelewa ule ushindi wa Sonoma uzito yake.

Kama mekanisyen niongeze jambo moja, mutanivumilia. Pale Daytona wanaminya moteri pale inapovuta hewa, nguvu inashuka mpaka farasi 510, gari zote zinakuwa karibu sawa. Basi hakuna mwenye anaweza kukimbia peke yake. Ile ya mbele inapasua hewa, ile ya nyuma inajificha mu mugongo yake inavutwa, na zikishikana mustari zote mbili zinaenda mbio kuliko moja. Ukitoka mu mustari bila mwenye kukusukuma, unaona gari kumi zinakupita kama vile umesimama. Waulize vijana wetu wa velo wenye wanaleta makala ya kupikia kutoka barabara ya Kasenga, upepo ikipiga mbele wanajipanga moja nyuma ya ingine, hawakusomea popote. Sasa wale wawili wa kiti cha mwisho wanahitaji mutu wa kuwasukuma, na yule mutu haiko mwenzao, anaweza kuwaacha saa yoyote. Njo maana nasema ile mbio ni ngumu kuliko ya siku ya Mungu, pale kuko mizunguko 200 ya kurekebisha makosa, hapa ni 60 na hakuna kesho.

Dale Earnhardt, yule marehemu, alishinda mbio za siku ya ine mara 12, na kati ya hizo 10 zilifuatana, 1990 mpaka 1999 hakuna mwaka aliikosa. Lakini Daytona 500 yenyewe aliishinda mara moja tu, 1998, ku jaribio lake la 20. Mutu mwenye anasoma paka matokeo ya siku ya Mungu ataona mutu wa ushindi moja. Na 2025 Bubba Wallace alishinda Duel ya kwanza, kijana mweusi, yule yule mwenye 2021 kule Talladega alikuwa mweusi wa kwanza kushinda ku daraja ya juu tangu Wendell Scott mu 1963. Usiku moja ule, mu Duel ya pili, Erik Jones alipita mustari wa kwanza, watu wake wakaanza kushangilia, kisha wakaangalia picha wakasema taa ya hatari iliwaka kidogo mbele ya mustari na pale ilipowaka Austin Cindric njo alikuwa mbele. Ushindi ukaenda kwa Cindric. Mambo yote ile usiku moja, na gazeti yenu inaita mazoezi.

Pengine utajiuliza mutu wa Kampemba ile inamuhusu nini. Inanihusu hivi. Miaka imepita, kijana mwenye nilikuwa namufundisha kazi alijiandikisha mu mbio ya velo, ile ya mitaa, watu kama makumi matatu. Juma tatu alijitayarisha, asubuhi mbele ya kazi anapanda velo, mangaribi anasafisha sheni na petroli na mswaki wa meno wa zamani, kadre ilikuwa na ufa mi mwenyewe nikaisuduri, bile za gurudumu tukatia mupya. Tukafika pale asubuhi, mwenye alikuwa na karatasi akaanza kuita majina, na safu ya kwanza ilikuwa imeandikwa tangu nyumbani: mwana wa huyu, ndugu ya yule. Kijana wangu akatiwa ku mustari wa nyuma kabisa. Barabara ilikuwa nyembamba na pembeni mutaro. Hawajamaliza metre 200, wa katikati wakagongana, wa nyuma wote wakawaangukia, naye akavunjika kiwiko. Nilimukuta amekaa chini, mukono ameushika na ule mwingine, hakulia juu ya mukono. Aliniuliza paka jambo moja: "Patron, walinipima wapi?"

Sikuwa na jibu. Ata leo sina.

Kule Daytona Yeley hawezi kuuliza ile swali. Walimupima siku ya ine, mbele ya watu wote, mpaka muzunguko wa mwisho. Inauma, lakini anajua. Na wale 36 wenye viti, ata kama sipendi viti vyao, safu yao wanaitoa jasho.

Na musiseme wasomaji wa hapa hawajali mbio za kuchuja, wanajali tu fainali. Tuko Lubumbashi, Bwana Mhariri. 2010 timu yetu ya mupira, Mazembe, ilifika fainali ya dunia ya vilabu kule Abu Dhabi na Inter Milan ikatupiga 3-0. Ingia leo mu cantine yoyote ya mitaa yetu ya Kenya ao Kamalondo uulize watu wanakumbuka nini. Hakuna atakuambia Inter. Watakuambia Internacional ya Brazil, ile nusu fainali, bao ya Kabangu, bao ya Kaluyituka, na kipa wetu Kidiaba anaruka-ruka na makalio ku majani. Wazee wataonyesha mpaka vile alikuwa anaruka. Muji muzima inakumbuka vile tuliingia, na nyinyi wa magazeti njo mulituandikia vizuri siku ile, kila dakika, nakala mi bado niko nayo mu sanduku ya vifaa.

Basi ombi yangu ni hii. Februari yenye inakuja, mumutume mwandishi moja akeshe ile usiku ya siku ya ine. Kama hana kuran kwake aje hapa garaji, tuko na televizyo na grupe ndogo, petroli mi nitalipa, chai na mikate itakuwako. Na asubuhi aandike mbio zote mbili, nani alisukuma nani, nani alikata mustari, na ata kama nafasi ku ukurasa ni kidogo aandike majina ya wale wenye walibaki inje na nambari ya gari zao.

Asante kwa kunisoma.

Mekanisyen wa Kampemba,
Lubumbashi